Kiraka cha Fungate

Kila ubao uliovunjika ulioingia uani kwake aliuanza kwa kuulamba. Aliuegemeza ukutani, akapiga goti, akautafuta ufa kwa kidole gumba, kisha akaugusa kwa ncha ya ulimi na kutulia kidogo, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Akikunja uso, basi ndani kungali na maji ya bahari, na hata ungembembeleza vipi asingetia gundi siku hiyo. Akiinuka bila kusema neno, ubao umekauka na kazi inaanza. Nilipomwambia kwamba mafundi wengine wana kipimo cha umeme cha kupimia unyevu, aliniuliza kama mafundi hao wamezaliwa bila ndimi.

Mtaani kwetu, huku mji mkongwe wa Bagamoyo, tunamwita Mpambaji, nami sitamwita vingine. Kazi yake ni kupamba maharusi: kuwasugua singo, kuwachora hina na piko, kuwapaka uso, kuwabandika kucha. Ziko nyumba ambamo alimpamba mama, akaja akampamba binti. Mimi pia alinipamba, na siku hiyo alinifinya kuliko nilivyofinywa utoto wangu wote, kwa sababu nilikuwa nacheka na hina inakwenda upande. Haoni haya kumfinya bi harusi. Husema asiyetulia ataonekana hivyo hivyo kwenye picha mpaka azeeke.

Sasa mtu wa namna hii alifikaje kwenye mbao za baharini? Mwenye makosa ni mimi. Nafundisha mchezo wa tiara katika kambi ndogo ya ufukweni, kaskazini ya mji. Tiara yenyewe ni kubwa, ya kitambaa, inashika upepo huko juu. Wewe unafungwa kamba zake kiunoni, unasimama juu ya ubao mfupi, na upepo unakuburuta juu ya maji. Nilianza nikiwa nimeajiriwa jikoni hapo kambini, na siku nilipoonekana mara ya kwanza nikipita mbele ya mji, nimevaa vazi la kuogelea la kunifunika mwili mzima na mtandio niliokaza kidevuni, habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama alilia. Mpambaji alikuja kumfariji, akasikiliza kisa chote, kisha akaniuliza swali moja tu, kwamba miguu inakaa wapi. Nikamwonyesha mikanda ya kuingizia miguu kwenye ubao. Akasema afadhali, maana yeye alidhani nimesimama kwa gundi.

Ubao wangu wa kwanza ulipasuka kwenye miti ya wando, ule uzio wa kutegea samaki ambao maji yakijaa huuoni mpaka umekwisha kuupiga. Ufa ulikuwa mdogo, ukingoni. Lakini ufa mdogo ndio mbaya, kwa sababu ndani ya ubao mna mti mwepesi unaonyonya maji kama mkate kwenye chai. Fundi wa kweli yuko Dar na kazi zinamsubiri mlangoni, nami nilikuwa na wanafunzi kesho yake. Nikapita kwa Mpambaji kunung'unika tu, ubao kwapani, nikamkuta anamtengenezea mteja ukucha wa bandia uliovunjika. Tone la gundi, unga mweupe kidogo, tupa, tone tena, tupa tena, mpaka ukucha ukawa mzima. Akautupia jicho ubao wangu kupita juu ya kichwa cha mteja, akasema mbona huo ni ukucha tu. Ukucha wa jini, lakini ukucha.

Kazi yake ile ya kwanza ilikuwa aibu tupu, na nafurahi kuisimulia kwa sababu mwenyewe huikana. Kabla ya kuchora hina, wapambaji wa kwetu humpaka mtu mafuta ya mkaratusi mikononi ili rangi ishike na kukolea. Kwa mkono uliozoea, Mpambaji akaupaka ufa wangu mafuta ya mkaratusi. Akaupaka vizuri mpaka ukanukia, ndipo akatia gundi na unga, akapiga tupa, akaufuta kwa kanga. Ulipendeza. Kesho yake, hata sijafika mbali, kiraka kilibanduka kizima kizima kikaelea pembeni yangu kama ganda la yai, na maji yakaingia upya. Niliporudi na kumweleza, alisema bahari ya siku hiyo ilikuwa na kijicho. Lakini tangu hapo hajaanza kiraka bila kuufuta ufa kwa spiriti mpaka pamba itoke nyeupe, na chupa ya mkaratusi huiondoa kabisa uani akaifungia chumbani, kana kwamba itakuja kujimwaga yenyewe.

Mengine alijifunza kwa kuharibu na kurudia. Akajua kwamba ubao uoshwe kwanza kwa maji ya bomba, chumvi itoke, halafu ukauke kivulini, maana ukianikwa juani unavimba na ufa unazidi. Siku za haraka huupuliza kwa mashine yake ya kukaushia nywele, kwa joto dogo, huku simu ipo sikioni. Ufa mwembamba huuziba kwa gundi ya kucha na magadi ya unga, yale ya kuumulia keki. Ukingo ukimeguka, hutumia gundi nzito ya mirija miwili inayochanganywa nusu kwa nusu, na ndani yake hulaza vipande vya shela vilivyobaki kwenye maharusi, kile kitambaa cha wavu mwembamba, ili gundi ipate nyuzi za kujishikia. Juu hufunika nailoni na kuifunga mkanda mpaka kiraka kikauke. Nilimletea kitambaa cha faiba kutoka Dar, akakiri ni imara zaidi, lakini alikiri kwa uchungu. Mpaka leo ziko mbao zinazocheza baharini na tumboni mwake mna shela ya mtu aliyekwisha kuachwa.

Ubao uliokaa na maji muda mrefu hunuka uozo. Huo aliulaza juu ya chetezo na kuufukiza udi, kwanza ukauke, pili usimtie aibu. Mgeni mmoja alitoka majini akaniuliza kwa nini ubao aliokodi unanukia kuliko yeye.

Lakini kuna sifa moja ninayotaka ijulikane kuliko hizo zote. Hakumdanganya mtu kuhusu kazi yake. Kiraka chake alikiita cha fungate. Fungate, zile siku saba za kwanza za ndoa, bi harusi kaketi ndani, hapiki wala hafui, anahudumiwa. Na kucha za Mpambaji zimetengenezwa zivumilie siku hizo, si zaidi. Anayerudi kulalamika kwamba amesugua sufuria na kucha zimetoka, hujibiwa kwamba alitaka kupambwa, hakuagiza koleo. Na ubao ni vivyo hivyo. Alikukabidhi huku akikushika mkono: huu nimeupa fungate, ufanye kazi nyepesi, ukipata nafasi mpelekee fundi akautie kiraka cha maisha.

Ili mtu asijisahau, kila kiraka alikimalizia kwa tone la rangi ya kucha nyekundu, kubwa kama punje ya kunde. Kambini kwetu ikawa sheria. Ubao wenye nyekundu hakuna kuruka nao hewani, hakuna kuvuka nao mwamba. Anapewa mwanafunzi kwenye maji ya kiunoni. Fundi wa Dar akishatia kiraka cha kudumu, ndipo nyekundu inakwanguliwa. Wachezaji wa pwani hii, mpaka Mlingotini, waliijua alama hiyo hata wale wasiomjua mwenyewe.

Siku moja nilidhani nimemshika. Mwanamke huyu maisha yake yote amekuwa akifunika: chunusi, kovu la moto, weusi wa chini ya macho ya bi harusi aliyelia. Nikamuuliza mbona uso anauficha na ubao anauanika. Hakuinua hata kichwa.

"Uso bwana harusi atauona kesho asubuhi na atauzoea," alisema. "Ubao nikiuficha, atakayegundua yuko katikati ya maji. Mie simo."

Bahari yenyewe haipendi. Nyumba yake iko karibu na ufukwe kiasi kwamba kusi ikivuma chumvi inaganda kwenye madirisha, lakini sikupata kumwona amelowa mguu. Alipokuja kambini kukagua viraka vyake alisimama mbali, viatu miguuni na mwavuli mkononi, kama vile maji yanauma. Nikipita karibu na nchi kavu namwona anatikisa midomo. Kwa muda mrefu nilidhani ananiombea dua. Kumbe alikuwa ananitukana. Aliniambia mwenyewe, akaongeza kwamba dua pia aliomba, lakini mwishoni.

Na ni mtu wa visa. Sukari hukupimia kwa kijiko cha mtoto, maneno hukumwagia ndoo. Atakusema umenenepa, saa hiyo hiyo akusukumie sahani ya kaimati. Hujiita mgonjwa akitaka kutembelewa, na siku aliyo mgonjwa kweli hujifungia ndani aseme ana wageni. Hili la mwisho ndilo lililotusumbua.

Maana macho yake yalikuwa yanaondoka, na hakutaka yasemwe. Yaliingia ukungu polepole. Mwanzo alisema ni vumbi la hina, halafu moshi wa udi, halafu umeme mdogo. Ukimkuta amekaza kope kwenye kidole cha mtu, husema anatafakari. Nililiona duara jeupe ndani ya mboni, kama tone la tui, na kila mtu mtaani aliliona. Nilimwambia waziwazi aende hospitali, mtoto wa jicho anatolewa siku hizi na mtu anarudi nyumbani. Akaniambia nikiendelea na maneno hayo, mbao zangu nitawapelekea wakaanga samaki wanitengenezee.

Kisu alikiogopa, lakini zaidi aliiogopa Kiwangwa. Ana binti mmoja, anaishi huko na mumewe, wanalima mananasi. Ni mwanamke mwema mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya shamba, na alikwisha sema siku nyingi: siku mama asipoona, nakuja kumchukua. Alisema kwa mapenzi. Mpambaji aliisikia kama hukumu. Aliniambia Kiwangwa hewa nzuri, watu wazuri, lakini yeye atakaa amchore nani, nanasi? Kazi yake yote ilikuwa machoni, na maisha yake yote yalikuwa kazi ile. Akiisha kutamka kwamba haoni, vyote viwili vimekwenda.

Basi akawa anajitengenezea viraka. Sinia yake ya kazi aliipanga kila kitu na mahali pake, tupa, pamba, gundi, na chupa za rangi kwa mstari, nyekundu mwanzo wa kulia, nyeupe ya kuchorea ncha za kucha mwisho wa kushoto. Ole wako uisogeze. Chupa zenyewe zote za umbo moja, na mkono ulikwenda wenyewe. Hina nayo ikaanza kukua. Yeye aliyekuwa anachora majani membamba kama nyuzi za kahawia, sasa kila bi harusi alitoka na ua kubwa zaidi ya la mwenzake. Alisema ndiyo mtindo mpya wa Uarabuni. Watu waliamini, na kwa kipindi kizima maharusi wa Bagamoyo walikwenda kwa waume zao na maua kama visahani vya chai.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku Hemedi alipochukua ubao mweupe kwenye rafu.

Hemedi ni mwalimu mwenzangu kambini, mtu mpole, kisirani chake hukitoa kwa nadra. Aliutazama ubao juu na chini, hakuona nyekundu, akaenda nao ng'ambo ya mwamba ambako upepo ulikuwa mzuri, akaruka. Aliposhuka juu ya maji kiraka kilifumuka na ubao ukakunjika katikati ya mikanda, mguu mmoja ukiwa bado umeshikwa. Nilimwona akianguka na sikumwona akiinuka, nikaanza kukimbia nisijue nakimbilia wapi. Kisha kichwa kikatokea. Tiara ilimvuta nchi kavu kifudifudi, akafika kifundo kimevimba na midomo imepauka. Akautupa ubao miguuni pangu.

"Bibi yako ameanza kuficha," alisema.

Niliugeuza ubao. Hakukuwa na kitu. Ndipo nikauinamisha kwenye mwanga, na juu ya kiraka nikaliona tone, duara, kubwa kama punje ya kunde. Lilikuwa jeupe juu ya weupe.

Nilikasirika, na niliumia kuliko nilivyokasirika. Nilimchukulia kuwa mtu pekee mjini asiyeweza kufanya hivyo. Nilikwenda kwake moja kwa moja, mchanga miguuni, nikamkuta uani peke yake baada ya adhuhuri, sinia mbele yake. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu adabu ni adabu, akaitikia marahaba mwanangu, nikamweleza yote bila kukaa. Kwanza aliuliza kama Hemedi ni mzima. Nikasema mguu umevimba, mengine mazima. Akashukuru Mungu. Kisha nikamuuliza kwa nini hakuweka alama.

"Nimeweka."

Alinyoosha mkono nikampa ubao. Kidole kilikwenda moja kwa moja ukingoni, kikapita juu ya ufa, kikasimama juu ya tone.

"Hii hapa," alisema. "Nyekundu."

"Ni nyeupe, Bibi."

Hakuondoa kidole. Niliitazama sinia nikaelewa. Baada ya harusi ya mwisho dada zake bi harusi walikuwa wamesaidia kuosha vyombo, na kwa wema wao wakaifuta sinia vizuri na kuirudisha imegeuzwa, upande wa kulia umekuwa wa kushoto. Sikuhitaji kumwambia. Aliichukua chupa ya mwanzo wa kulia, akajipaka ukucha wa gumba, akausogeza karibu na jicho, akaupeleka mbali, akaurudisha karibu. Machozi yakamtoka bila sauti. Mimi hasira iliniisha pale pale, nikakaa chini kando yake.

Mwishowe aliniuliza viraka vingine alivyotengeneza baada ya harusi ile viko wapi. Nikamkumbusha. Ubao mmoja ulikuwa kwenye rafu yetu ya kambini, mwingine kwa kijana wa hapo mtaani aliyesafiri, na mmoja kwa bwana wa Mlingotini ambaye hushinda baharini kila kusi ikikaza. Akasema nimpe baibui lake. Nikamwambia hakuna haja, nitazunguka mwenyewe, nitawaambia chupa zilichanganyika, na hakuna atakayejua zaidi ya hapo.

"Hazikuchanganyika," alisema. "Mie sikuona."

Alikuwa anajua anachokifanya. Maneno hayo akiyatamka ufukweni mchana, jioni yangekuwa Kiwangwa. Nilimfungia baibui, nikaitafuta chupa ya nyekundu kwenye sinia nikamtia mkononi.

Tulichukua bajaji. Kambini Hemedi alikuwa ameketi mguu juu ya ndoo ya barafu, amejiandaa kwa ugomvi. Mpambaji alisimama mbele yake akamwambia amsamehe, hakuficha kitu, alipaka nyeupe kwa kuwa haoni tena. Alisema hivyo mbele ya wapishi na wageni. Hemedi aliyekuwa na maneno yake tayari aliinuka kwa mguu mmoja akamtafutia kiti. Hakukikalia. Aliniambia niushushe ubao ule wa kwenye rafu, niushike mkono wake nimwekee kidole juu ya kiraka, na nilipotaka kupaka mimi, akanipiga kofi kiganjani, akapaka mwenyewe. Tone lilikwenda upande kidogo lakini lilikuwa jekundu.

Mlingotini tulichelewa kidogo. Yule bwana alikuwa amekwisha kuingia majini, tiara iko juu, anavaa mikanda ya ubao. Upepo ulikuwa unatoka baharini na sauti zetu unaturudishia. Nikaingia majini nikikimbia, nikipunga mikono, mpaka akaniona akasimama. Nilipogeuka nyuma nilimkuta Mpambaji. Yuko ndani ya bahari, maji ya magoti, baibui limemganda mwilini, viatu vimebaki huko huko chini ya mchanga, na mkono mmoja ameuinua juu na chupa ya nyekundu ili isilowe. Nikamwambia arudi nchi kavu, akasema kazi ni yake.

Tukatoka naye, tukiwa tumemshika kila mtu upande wake. Yule bwana akaulaza ubao mchangani, Mpambaji akaufuta kwa mtandio wake mpaka ukakauka, akapaka. Akamwambia neno lile lile. Sioni tena, mwanangu. Safari hii alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya vitumbua. Ubao wa yule kijana wa mtaani tuliumalizia kwa mama yake wakati wa kurudi, na kabla hatujafungua mlango wa nyumbani simu ilikuwa inaita. Ilikuwa Kiwangwa.

Binti alifika asubuhi na kapu la mananasi. Mtaa mzima tulingoja kuona masanduku yakitoka. Kulikuwa na kelele kidogo ndani, za sauti moja, na walipotoka hawakuwa na masanduku bali mkoba mdogo tu, wakaelekea Dar, hospitali. Baadaye binti alinisimulia kwamba alikuwa amekuja na hoja zake zote za njiani, na mama yake akamkatiza kwa kusema haya twende. Alikwisha kulisema neno lile kwa watu wote wale. Hakuwa na cha kuficha tena.

Nilikwenda kumwona walipomrudisha. Lilikuwa limefanywa jicho moja, la pili lilipangiwa zamu yake. Ua ulinukia nanasi na udi pamoja. Alikuwa ameketi kwenye mto, mgongo wima kama ameagizwa, na jicho lake limefunikwa kwa kikombe kidogo cha plastiki safi, kinachoonyesha, kimeshikwa kwa plasta. Hakuruhusiwa kuinama, kunyanyua kitu, wala kukaribia moto. Binti yake alikuwa anamlisha na kumnung'unikia, akasema hajawahi kuona mgonjwa anayefurahia kuhudumiwa namna hii. Mpambaji alimwambia anyamaze alete chai.

Alinitazama kwa muda mrefu kupitia kile kikombe. Nilidhani atasema jambo la kututoa machozi wote.

"Kumbe umezeeka," alisema.

Kisha akataka simu yangu, nimwonyeshe picha za maharusi wa karibuni. Nikamwonyesha. Alizitazama moja moja, akaisogeza simu, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa ni nani aliyewachora watoto wa watu alizeti mikononi. Nikamwambia ni yeye. Akacheka mpaka binti akaja mbio na birika mkononi kumkumbusha jicho.

Alipotulia aliniomba sinia. Nikaiweka mapajani pake kama ilivyozoea kukaa, nyekundu mwanzo wa kulia. Nikataka kumpa mkononi.

"Acha, naiona."

Hakuichukua ile ya mwanzo mara moja. Alizitazama chupa zote, taratibu, kama mtu aliyerudi safari anayehesabu watoto wake. Kisha akaichukua nyekundu, akaitikisa, akaomba kioo. Mkono ulikuwa imara. Kwenye ukingo wa kile kikombe cha plastiki, juu kidogo ya shavu, akaweka tone moja, kubwa kama punje ya kunde, akalipuliza hewa mpaka likakauka.

"Hili bado la fungate," alisema, akikaza kifuniko cha chupa. "Asije mtu akanivusha nalo mwamba."